Muulize Shangazi wa Safari: Tiketi Ishakatwa, Korona Bado Ipo

Barua za mwezi huu wa Aprili 2022 zimenijia kama zilizopatana, na masharti na bei zote nitakazozitaja ni za mwezi huu. Mmoja yuko Shella yetu ya hapa Malindi, mwingine Watamu, wa tatu Lamu mjini, na wote watatu wanaulizia jambo moja: kuvuka bahari kwenda kwenye zile bustani kubwa za burudani ilhali maradhi hayajesha. Za paspoti zilizopotea na masanduku yaliyofika Kisumu badala ya Kigali nitazijibu mwezi ujao, tukijaaliwa. Zilizosubiri miaka miwili zinaweza kusubiri mwezi mmoja.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nimekaa nyuma ya kaunta ya tiketi hapa mjini tangu enzi za tiketi za kaboni nyekundu. Udaktari siujui. Ninachokijua ni vyeti, foleni, na namna mtu anavyokwama.

Dada amenunua tiketi za Gardaland

*Assalam aleikum Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka 9 na mdogo ana 4. Dada yangu ameolewa Brescia, Italia, na ametualika Agosti. Ameshanunua na tiketi za kuingia Gardaland. Watoto hawalali, kutwa wanaangalia picha za lile joka la kijani kwenye simu. Mume wangu yuko kazini Doha. Mimi nimechanjwa AstraZeneca, dozi ya pili nilipata Juni mwaka jana, watoto hawajachanjwa. Nyumbani naishi na mama yangu ambaye ana sukari. Majirani wanasema nawapeleka watoto kwenye maradhi kwa ajili ya bembea. Je, kuna usalama? Na nikiamua, nianzie wapi? — Mama Wawili, Shella, Malindi*

Wa aleikum salam mwanangu. Korona tuiweke kando kwanza, maana mpango wako umevunjika kabla hatujaifikia. Agosti ya mwaka huu si ile ya zamani. Kalenda ya shule ilivurugika tangu madarasa yalipofungwa 2020, na wizara bado inaibana ili irudi mahali pake. Muhula wa kwanza wa 2022 unafunguliwa 25 Aprili na kufungwa 1 Julai. Wa pili unaanza 11 Julai mpaka 16 Septemba. Kwa hiyo Agosti yote mwanao mkubwa ana daftari mkononi, na tarehe 9 mwezi huo nchi nzima iko kwenye foleni ya kura. Nafasi yenu ni zile siku kumi za mwanzo wa Julai. Mpigie dada leo hii, muulize kama tiketi alizonunua zina tarehe, na kama tarehe inabadilika. Akikwambia haibadiliki, basi hasara ihesabiwe sasa, mapema, ikiwa bado ni ya tiketi za mlangoni tu na haijawa ya ndege.

Sasa majirani. Mimi siwalaumu. Picha za malori ya jeshi yakibeba majeneza usiku kutoka Bergamo, Machi 2020, kila mtu wa Malindi aliziona, na mji huu una ndugu, wakwe na wateja kule kuliko mji wowote wa pwani hii. Brescia ni jirani yake Bergamo. Dada yako aliyakalia yale maradhi mlangoni wakati sisi tunasikia kwenye redio. Kwa hiyo ukitaka kujua hali, muulize yeye kabla ya kumuuliza mwenye duka la mtaani. Muulize: hospitali ziko vipi wiki hii? Shuleni kwa watoto wako kumekuwaje? Nani nyumbani mwako amekohoa?

Gardaland yenyewe nimefika, kabla ya korona, na wateja wangu waliorudi mwaka jana wamenisimulia kilichobadilika. Iko Castelnuovo del Garda, kando ya lile ziwa kubwa, na treni ya kutoka Brescia inakushusha Peschiera, ambako kuna basi la bure mpaka langoni. Mwaka 2020 walichelewa kufungua msimu mpaka 13 Juni. 2021 mpaka 15 Juni, na siku hiyo hiyo wakafungua na bustani ya maji ya Legoland pembeni yake. Kuanzia 6 Agosti mwaka jana, mwenye miaka 12 na zaidi alikuwa haingii bila cheti walichokiita Green Pass, cha kuonyesha kuwa amechanjwa, amepona au amepimwa. Mwaka huu wameanza kulegeza, lakini ninyi mnakwenda Julai, na kule sheria moja huishi wiki nne halafu huzaa nyingine. Usibebe jibu la Aprili kwenda nalo Julai.

Kuhusu usalama nitakupa fikra yangu, halafu ukamuulize daktari wa kliniki ya watoto. Ugonjwa huu unasafiri kwa hewa, na hewa iliyofungiwa ndiyo mbaya. Bembea nyingi za Gardaland ziko nje, juu angani, upepo unapuliza mpaka mtandio unatoroka (ufunge kwa pini, ninakwambia). Ni kama bembea za Idi, ila hizi zinapinduka na haziungurumi jenereta. Kinachonitia wasiwasi mimi ni vile vyumba vya giza vya sinema, foleni zinazopita ndani ya mapango ya saruji, mkahawa wakati wa mvua, na lile basi la kutoka stesheni lililojaa. Kwenye mabasi, treni na ndege Italia Aprili hii ya 2022 wanataka barakoa ya FFP2, ile nene inayochuja hewa. Hizi zetu za kitambaa, hata ikiwa ya kitenge kizuri namna gani, hazikubaliwi. Mtoto wa chini ya miaka 6 hatakiwi kuvaa.

Na pale penye watu wachache unapojiachia, yaani sebuleni kwa dada, ndipo wengi niliowaona wameambukizwa. Watu wanavaa barakoa kwa muda wa saa kumi njiani, wakifika wanaitupa na kukumbatiana. Siwezi kukukataza kumkumbatia dada yako. Nakwambia tu mpimwe siku ya pili au ya tatu mkishafika, kabla hamjakwenda kujazana na wakwe.

Haya, vyeti. Cheti chako cha chanjo, mwanangu, kwa safari ya Ulaya kimekwisha muda. Tangu 1 Februari mwaka huu wa 2022 wanahesabu siku 270 kutoka dozi ya mwisho ya awamu ya kwanza, na wewe ulipata Juni, kwa hiyo siku zako zilikuwa zimeisha kabla ya Machi kwisha. Nenda hospitali ya serikali ukapigwe dozi ya nyongeza. Ni bure, na zipo. Ukishapigwa, ingia kwenye mtandao wa serikali uitwao Chanjo utoe cheti kipya, na hapo hapo usimame ulinganishe majina na paspoti herufi kwa herufi. Hapa pwani tunaumia sana kwa jambo hili. Kitambulisho kina jina la babu, cheti cha chanjo hakina. Paspoti imeandika Mohamed, yule kijana wa kliniki amechapa Muhammad. Wewe unajua ni mtu mmoja. Afisa wa Malpensa, uwanja wa ndege wa Milano, hajui, na Kiswahili hana.

Watoto: huyu wa miaka 4 hahitaji cheti wala kipimo, Italia wamewasamehe walio chini ya miaka 6. Huyu wa 9 hajachanjwa, basi ni lazima awe amepimwa korona, na kipimo cha maabara, kile cha PCR, kiwe cha ndani ya saa 72. Saa hizo zinahesabiwa kurudi nyuma kutoka wakati wa kuingia Italia, hazianzi pale mnapofunga mlango wa Shella. Mkienda na Ethiopian kutoka Mombasa kupitia Addis Ababa, ondoeni saa za barabarani (foleni ya Mtwapa ihesabiwe kama safari yenyewe), ondoeni saa za kukaa Addis, ndipo mjue mna nafasi gani ya kutoa sampuli. Na maabara usiiulize bei kwanza. Iulize: sampuli yangu inapimwa wapi, na majibu yanatoka saa ngapi? Kuna wanaochukua sampuli Malindi na mashine iko mji mwingine. Mbali na hayo kuna fomu ya abiria ya kujaza kwenye intaneti, wanaiita dPLF. Ijaze mwenyewe, usimwachie mtu wa saibakafe akubunie anwani ya Brescia.

Viza sitaikalia sana, nimeiandika mara nyingi hapa. Ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya, mwaka huu wa 2022 ni yuro 80 kwa mtu mzima, 40 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 12, na wa chini ya 6 bure. Maombi yasipungue siku 15 kabla ya safari, lakini wewe usingoje hapo, peleka mwezi ujao. Dada aandike barua ya mwaliko. Baba watoto aliyeko Doha atie sahihi ruhusa ya maandishi kwamba watoto wasafiri nawe, ithibitishwe kwenye ubalozi wa Kenya hukohuko. Wapo akina mama waliorudishwa kwa karatasi hiyo moja. Bima ya safari ni lazima iwe ya yuro 30,000 kwenda juu. Isome, hata kama imeandikwa kama dua ya mganga, uone kama inalipa korona na kama inalipa malazi ukiwekwa karantini. Nyingi zinalipa la kwanza na kukaa kimya kwa la pili.

Hapo sasa ndipo nataka unisikilize kuliko kote. Wateja wangu wengi hupanga pesa za kwenda na za kurudi. Miaka hii miwili kuna fungu la tatu, pesa za kukwama. Ukipimwa Brescia ukakutwa nayo, wanakufungia ndani siku 7 mpaka 10 kulingana na chanjo zako. Je, dada ana chumba cha kukutenga wewe na watoto? Tiketi ya ndege inasogezwa kwa faini ngapi? Shule inafunguliwa tarehe 11, mwalimu umemwambia? Na nani anampiga mama sindano yake ya sukari siku hizo kumi zikiwa ishirini?

Usidhani natisha. Tarehe 31 Oktoba mwaka jana, bustani ya Disney ya Shanghai ilifungwa milango watu wakiwa ndani, kwa sababu mgeni mmoja wa siku ya nyuma alikutwa na ugonjwa. Watu zaidi ya 30,000 walipangwa mistari wapimwe mmoja mmoja kabla ya kutoka, wahudumu wamevaa mavazi meupe gubigubi, na juu fataki za jioni zinalipuka kama kawaida. Wote walikutwa salama. Lakini fikiria wewe uko kwenye mstari ule na mtoto wa miaka 4 anayetaka kukojoa. Bustani hiyo ilifungwa tena 21 Machi mwaka huu wa 2022.

Kwa hiyo nenda, mimi sikuzuii, ikiwa fungu la kukwama unalo na mama ana mtu. Kama halipo, mwambie dada aje yeye na watoto wake Desemba. Watamu kuna maji, na bustani ya maji ya bure ya Mwenyezi Mungu haina foleni. Ukirudi, kaa na barakoa ndani ya nyumba siku chache na mama alale chumba chake. Mwenye sukari akipatwa na ugonjwa huu huumia kuliko wewe na mimi.

Jambo dogo la furaha nilikuwa nimesahau: Gardaland mtoto asiyefika urefu wa mita 1 anaingia bure, bila tiketi. Mpime huyu wa miaka 4 ukutani leo kabla dada hajamlipia bure. Na mkate wa nyama pale ndani, uliza kwanza ni nyama gani. Sema "senza maiale", yaani bila nguruwe, watakuelewa.

Cheti cha rafiki

*Shangazi vipi, mimi ni kijana wa Watamu, natembeza wageni baharini. Kazi imerudi kidogo na nimeweka akiba niende Dubai na marafiki wawili, tukapande zile rolakosta, treni za bembea zinazopinduka. Mmoja ana mtu Mombasa anatoa cheti cha PCR bila kupimwa, bei nusu. Wote tuko wazima kabisa, hatuna hata mafua. Kuna ubaya? — Kijana wa Timboni*

Kuna ubaya, mwanangu, na wewe unaujua, ndiyo maana umeniandikia usiku wa manane.

Desemba iliyopita Dubai ilizuia abiria wanaotoka Nairobi, hata wale wa kupita tu, na magazeti yakaandika kuwa ni kwa sababu ya vyeti vya kupimwa visivyoaminika. Januari Kenya nayo ikalipiza, ikazuia ndege za abiria kutoka Imarati, nchi yenye hiyo Dubai. Hapa kaunta nilikuwa na akina mama wanaosafiri kwenda kazini, mikataba imesainiwa, wamekaa kwenye kiti hiki cha plastiki wanalia. Wazima, wamepimwa kihalali. Aliyewalipisha ni mtu kama huyo wa Mombasa wa rafiki yako, na wateja wake.

Tena hicho cheti kina namba ambayo shirika la ndege linaikagua kwenye mfumo. Isipoonekana, hupandi, na nauli hairudi, na polisi wa uwanja wa ndege hawapendi utani.

Lakini kinachonichekesha ni hiki: kipimo chenyewe unaweza usikihitaji. Tangu mwishoni mwa Februari mwaka huu wa 2022 Dubai inampokea aliyekamilisha chanjo na ana cheti chenye alama ya kuskani, bila PCR. Chanjo hapa kwetu haina bei, na ile ya Johnson & Johnson ni sindano moja. Yaani unataka kulipa kwa uongo kitu ambacho ukweli wake ni bure. Nendeni mkachanjwe wote watatu wiki hii, halafu kabla ya kukata tiketi mpigie shirika uthibitishe kama sharti bado ni hilo.

Na panga bustani vizuri. IMG Worlds of Adventure iko Dubai na imefunikwa yote, kiyoyozi kinapuliza, watu wamo ndani kwa ndani, hiyo ndiyo ya kuvaa barakoa bila mzaha. Ile rolakosta unayoisikia ya kilomita 240 kwa saa, Formula Rossa, haiko Dubai. Iko Ferrari World, Abu Dhabi, na huo ni usafiri mwingine na masharti mengine. Kijana wa mashua hataogopa mawimbi, lakini kula kidogo asubuhi.

Mjukuu anataka nikaone Lamu ya Florida

*Assalam aleikum Bi Mkubwa. Mimi ni mzee wa miaka 68, mkaazi wa Langoni, Lamu. Nina presha, natumia dawa. Mjukuu wangu yuko Orlando, Marekani, alikwenda kusoma akapata kazi huko. Tangu korona ianze hatujaonana. Mama yake alifariki 2020 na hakuweza kuja kuzika, njia zilikuwa zimefungwa. Kila Ijumaa ananipigia simu. Sasa anasema ananilipia kila kitu niende, anipeleke kwenye bustani ya Disney, eti kuna mji wameujenga wakauiga mji wetu. Nimechanjwa mara mbili mwaka jana. Lakini najiuliza, Lamu ya kweli ninayo, nitoke na maradhi haya nikaone ya kuigiza? Na mtu mzima kupanda bembea si kuchekwa? — Babu wa Langoni*

Wa aleikum salam mzee wangu, na Mungu amrehemu marehemu, azidi kukupeni subira.

Hilo alilokwambia mjukuu ni kweli. Florida kuna bustani ya Disney iitwayo Animal Kingdom, ilifunguliwa 22 Aprili 1998. Ndani yake wamejenga kijiji cha Afrika Mashariki na kukiita Harambe, na wabunifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, waliiangalia Lamu walipokichora. Mteja wangu mmoja aliniletea picha akitaka kunishangaza, na kweli nilishangaa. Kuta za chokaa zimebanduliwa makusudi zionekane zimeliwa na chumvi. Vibao vya Kiswahili kila mahali. Ukutani wameandika Uhuru 1961, mwaka wa uhuru wa nchi ambayo haipo. Sisi tunahangaika kutafuta fundi wa kuziba kuta zetu, wenzetu wamemlipa fundi azitoboe!

Nyuma ya kijiji kuna malori ya wazi yanayokuzungusha uone twiga, tembo na viboko, na hao ni wa kweli. Safari yenyewe wameiita Kilimanjaro. Kwenye bustani yao nyingine, Magic Kingdom, kuna mashua inayopita mtoni na viboko vya mashine vinavyotoa vichwa majini. Mtu aliyeupita mto Tana kwa kivuko zamani zile atacheka mpaka machozi. Hizo zote ni za kukaa tu, hakuna kupinduka. Penye rolakosta utakuta onyo mlangoni kwamba mwenye presha asipande, na wewe ulitii, hata mjukuu akikubembeleza. Kuhusu kuchekwa, kule wazee wamejaa, wamevaa kofia za masikio ya panya, na hakuna anayegeuza shingo. Mguu ukichoka, viti vya magurudumu vinakodishwa langoni.

Hata hivyo mzee, hebu isome tena barua yako. Bembea umeipa mstari mmoja wa mwisho. Iliyobaki yote ni mjukuu, na mazishi ambayo hakufika. Kijana huyo anatafuta pa kukaa nawe kutwa nzima, na kule anakoishi hana baraza, ana bustani. Mimi kwa fikra yangu nenda. Ila si sasa, na si kwa pupa.

Si sasa kwa sababu Florida kuanzia Juni mpaka Septemba ni joto la kuvunja mtu, na mchana radi. Presha na jua lile hazipatani. Lenga Novemba, kabla ya msongamano wao wa Krismasi. Tena viza yenyewe itakula miezi: balozi za Marekani zilisimamisha usaili Machi 2020 na foleni iliyojikusanya bado ni ndefu. Ada mwaka huu wa 2022 ni dola 160, na hairudishwi ukinyimwa. Anza mwezi huu. Mjukuu akutumie barua yenye kazi yake na anwani yake, nawe ubebe hati ya nyumba ya Langoni na chochote kinachoonyesha kuwa una pa kurudi.

Chanjo zako mbili zinatosha kwa Wamarekani. Tangu 8 Novemba 2021 mgeni asiye raia lazima awe amekamilisha, na AstraZeneca wanaikubali. Wao hawana zile siku 270 za Ulaya nilizomwambia Mama Wawili. Lakini kapate dozi ya nyongeza kwa ajili ya mapafu yako mwenyewe, hospitali ya King Fahd hapo hapo Lamu, achana na mambo ya afisa wa uwanja wa ndege. Miaka 68 na presha, mzee wangu, ndiyo hasa ugonjwa huu unakopenda kukaa. Daktari wako akisema usisafiri, basi mjukuu ndiye wa kukata tiketi, na neno la daktari liwe juu ya langu.

Kuna kipimo pia. Ninapoandika, Aprili 2022, kila anayepanda ndege ya kwenda Marekani lazima awe amepimwa siku moja tu kabla ya kuondoka. Kile cha haraka kinakubaliwa. Kwa mtu wa Lamu maana yake ni hii: usithubutu kupimwa Lamu. Panda ndege Manda, ufike Nairobi siku mbili kabla, lala kwa jamaa, pimwa hukohuko. Kenya Airways ina ndege ya moja kwa moja mpaka New York, na kutoka hapo utaunganisha kwenda Orlando. Hewani ni karibu saa kumi na tano. Inuka utembee kila baada ya muda, kunywa maji, na dawa za presha ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na karatasi ya daktari. Sanduku likipotea, dawa zisipotee nalo. Kurudi ni rahisi zaidi: tangu Machi 2022 Kenya haimdai PCR aliyekamilisha chanjo.

Mambo matatu mwambie mjukuu ayashike yeye. Bima ya afya ya mgeni aikate kabla hujapanda ndege, maana usiku mmoja wa hospitali ya Marekani unaweza kuuza jahazi. Tiketi ya Disney peke yake haitoshi mwaka huu wa 2022. Walipofungua tena Julai 2020 waliweka utaratibu wa kuhifadhi siku ya kuingia, na bila hiyo mtaishia kwenye maegesho. Na Animal Kingdom mwende asubuhi na mapema, wanyama wakiwa bado wanatembea na watu hawajawa wengi. Mkimaliza Harambe, mnaweza kurudi nyumbani mkalala. Hakuna sheria ya kukaa mpaka fataki.

Barakoa kule imekuwa hiari kwa waliochanjwa tangu Februari 2022. Wewe vaa ukiwa ndani, hata ukiwa peke yako uliyevaa. Na Novemba New York ni baridi ya kweli, ndege yako ya kwanza inashuka hapo, na kutoka mlango mmoja hadi mwingine unaweza kupita nje. Koti libebe mkononi tangu Nairobi, usilitie ndani ya sanduku.